Mabsali

Nilizaliwa Nyasho, Musoma, na tende nilizozijua utotoni zilikuwa za dukani, za mwezi wa Ramadhani, zimeshindiliwa hadi zinakatwa kwa kisu. Mtende wenyewe niliujua Ibra, nilipohamia Oman miaka ya 1970, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi na kuwaita Waomani wa nje warudi. Ami yangu alikuwa na shamba la mabsali, aina ya tende, lililonyweshwa kwa falaji, yaani mfereji wa maji, nami nikawa mkwezi wake.

Ukwezi huanza na kupandisha. Karara la dume linapopasuka, unakata vitawi vyake, unapanda na kamba kiunoni, unavichomeka katikati ya maua ya mtende jike, kichwa chini, kisha unafunga kwa ukuti, wala hukazi. Unga mweupe unaujaa mkono. Dume moja lilitosha majike hamsini hivi.

“Mabsali usiingoje ilainike,” ami aliniambia. “Hii ni ya moto.”

Ndivyo ilivyo. Khalasi, aina nyingine ya tende, huachwa ikaiva mtini, ikawa laini, ikaliwa na kahawa. Mabsali, ndefu na ya manjano, huangushwa tangu Juni ingali ngumu. Kinamama na watoto huikwanyua, kisha huchemshwa kama dakika ishirini katika masufuria makubwa ya shaba, kuni zikiwa makuti na vigogo vya mitende iyo hiyo. Maji hugeuka mazito kama asali, tende zikatoka zimeiva rangi. Huanikwa juani hadi zikunjamane, zikatiwa magunia kwenda India. Kazi ile ya motoni, katika joto la kiangazi cha Oman, ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Nikija Nyasho huulizwa kuhusu kupanda kokwa. Siwashauri kabisa: karibu nusu ya miche hutoka madume, na majike hayafanani na mama yao. Panda chipukizi lililong’olewa shinani, litazaa baada ya miaka minne au mitano. Tatizo letu ni mvua za vuli na masika, maana tende laini ikinyeshewa hupasuka na kuchacha, na joto letu la ziwani ni dogo kuliko la Ibra. Ndiyo maana, kwa kujaribu Musoma, ningechagua mabsali kabla ya khalasi: huvunwa mapema, kabla haijawa laini. Na dume lake lipandwe hapohapo shambani.