Pole na Sori

Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, kuanzia Kiwengwa hadi Jambiani, hoteli zimeota juu ya mchanga uliokuwa wa kuanikia nyavu. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakilima mwani, kilimo kilichoanza pwani hiyo mwaka 1989, wameacha kamba na vigingi wakaingia katika kazi ya kutandika vitanda na kupiga deki. Kazi yenyewe wanaijua tangu utotoni. Wasichokijua ni Kiingereza cha kuifanyia.

Jioni, baada ya zamu, hukaa darasani. Mwalimu, kijana wa umri wa watoto wao, huandika ubaoni maneno ya kazi: taulo, shuka, ufunguo, nirudi saa ngapi. Nao huyaitikia kwa pamoja, kama walivyoitikia alifu na bee chuoni.

Siku moja aliandika neno "sori", na mbele yake akayapanga maneno matatu ya Kiswahili: pole, samahani, niwie radhi. Mama mmoja, mhudumu wa vyumba, akainua mkono.

"Mwalimu, mwanangu, yote matatu hayo ni neno moja?"

"Ndiyo, bi mkubwa."

Akaliandika daftarini, akaridhika.

Haukupita muda, mgeni mmoja akapotelewa na saa yake. Yule mama alimkuta akihangaika, akiinua mito na kupekua madroo, akamwonea huruma. Akasema, "Sori." Moyoni mwake alisema pole, neno ambalo Mswahili humpa aliyejikwaa, aliyefiwa, hata anayetwanga juani, pasi na hatia yoyote kwa anayelisema. Mgeni alisikia ungamo. Akaita mapokezi. Mkoba wa mama ukapekuliwa mbele ya wenziwe, na kanga yake ya akiba ikakung'utwa. Saa ilionekana jioni, ndani ya kiatu cha mwenyewe.

Kosa si la Kiingereza. Mwingereza naye humwambia mfiwa neno lilo hilo. Ila hulipambanua kwa maneno yanayolifuata, kwamba anasikitika kusikia yaliyomfika mwenziwe. Kosa ni kulitenga neno na mahali pake, kisha kumkabidhi mtu akalitumie mbele ya mgeni asiyemjua. Zaidi ya hayo, Kiingereza cha kazini, kama kinavyofundishwa mara nyingi, ni cha upande mmoja: hukubali, hushukuru, huomba radhi. Mhudumu hutoka darasani akiwa na njia kumi za kumridhisha mgeni, asiwe na hata moja ya kujitetea.

Kabla ya kuondoka, mgeni yule alimfuata mama kwenye ujia, noti mkononi, akamwambia, "Sori." Mama hakuitazama noti. Alitaka kwanza kujua, katika yale matatu, hilo lilikuwa lipi. Lakini hakuwa na maneno ya kuulizia, akainamisha kichwa, akaendelea na ufagio wake.

Katika somo lililofuata, mwalimu hakuandika taulo wala shuka. Aliandika sentensi tatu za Kiingereza na maana zake: "Nasikitika kusikia hayo." "Mimi sikuichukua." "Tafadhali mwite meneja." Darasa likazisoma polepole, moja moja, bila ya kuitikia kwa pamoja.

Mama akainua mkono, akaomba ya nne.