Korongo Kifuani: Nguo ya Mtoto na Thamani ya Saa Moja

Ndugu msomaji, kama unayo sarafu ya shilingi 500 mfukoni, itoe uitazame. Upande mmoja pana kichwa cha korongo mwenye taji. Upande wa pili ipo nembo ya taifa letu: ngao, mikuki, ngoma, na wanyama wawili waliosimama kama walinzi. Tazama chini, pale wanapokanyaga. Utaona mimea miwili imechorwa, kahawa na pamba. Wanafunzi wangu huitambua kahawa mara moja. Pamba huwachukua muda, na wapo wanaodhani ni ua la bustani. Siwalaumu, kwa maana wengi wao wameizoea pamba ikiwa imekwisha kuwa shati, tena shati lililokwisha kuvaliwa na mtu mwingine ng'ambo.

Jambo hilo nimelitafakari sana miezi hii, nikiwa nyuma ya cherehani hapa Kamwokya, nikimshonea mwanangu wa kiume nguo zenye mapambo ya vitambaa. Nataka nikueleze kazi hiyo ilivyo, kisha tuitumie kupimia mjadala ambao nchi yetu haijaumaliza.

Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unakata umbo katika kitambaa kimoja, unaliweka juu ya kitambaa kingine, na kulishona ukingo wote. Lugha yetu ina neno kiraka, nalo limebeba unyonge: kiraka huziba tundu, na mwenye kiraka hujulikana hana nguo nyingine. Kiraka cha mapambo hakizibi tundu lolote. Kimewekwa pale kwa sababu mtu alitaka kiwepo.

Umbo la korongo nililitoa katika sarafu ileile, nikalikuza kwa penseli juu ya karatasi ya daftari. Taji lake ni kitenge cha manjano, shingo ni ya kijivu, na chini ya kidevu pana kipande chekundu kisichozidi ukucha wangu. Mabaki hayo ya vitambaa nilipewa na fundi jirani, mama mwenye cherehani mbili kwenye baraza inayotazama njia ya sokoni. Kila kipande hufuliwa kwanza, kwa kuwa pamba mpya hurudi ikiguswa na maji, na rangi ya kitenge huweza kuchuja ikaharibu shati jeupe. Kisha ukingo hukunjwa kwa ndani, hupigwa pasi ya mkaa ili utulie, ndipo ushonwe. Penye kona, kama kwenye mdomo wa ndege, mashine haifai. Pale ni sindano na mkono.

Nguo ya mtoto mchanga ina sheria zake. Shanga hazina nafasi, na vifungo vilegevu ni hatari, maana mtoto wa miezi mitano hupeleka kila kitu kinywani na kifungo huweza kumkaba. Shingo ya nguo sharti iwe pana, kichwa kipite bila vita. Nyuzi za nyuma ya pambo hukwaruza ngozi, hivyo upande wa ndani hufunikwa kwa kipande laini cha pamba. Kazi hiyo ya ndani huchukua muda karibu sawa na ile ya nje, ingawa hakuna mgeni atakayeisifu.

Wapo waliouliza mtoto wa kiume anatakiwa mapambo ya nini. Niliwajibu kwa kuwakumbusha kanzu. Vazi hilo liliingia Buganda katika karne ya 19 kupitia wafanyabiashara wa pwani, na mafundi wa huku wakaliwekea nakshi ya rangi ya damu ya mzee shingoni hadi kifuani. Hakuna arusi ya kwanjula ambapo wanaume huionea haya nakshi hiyo. Basi kama babu amevaa mapambo kifuani mbele ya wakwe, mjukuu atazuiwa na nani?

Sasa tupige hesabu, maana uraia bila hesabu ni porojo. Shati moja la korongo lilinichukua saa 7, zikigawanyika katika jioni tatu. Wiki hiyohiyo nilinunua shati la mtoto katika soko la Owino, lile ambalo kwa jina rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe. Lilikuwa la mivumba, yaani mitumba kama waisemavyo majirani zetu, safi na lisilo na doa. Bei yake ilikuwa shilingi 2,000. Kama ningetaka kuliuza langu kwa bei hiyohiyo, hata kwa kujidanganya kwamba kitambaa, uzi na mkaa ni vya bure, kila saa ya mkono wangu ingekuwa na thamani isiyofika shilingi 300. Sarafu moja ya 500, yenye nembo ya pamba juu yake, ingenunua zaidi ya saa moja na nusu ya kazi yangu.

Na hesabu haijaisha. Kitambaa cheupe kilichombeba korongo nilikikata katika shuka la mivumba, la pamba tupu, lililolainishwa na kufuliwa mara nyingi. Dukani sikupata kipya cha namna hiyo kwa fedha niliyokuwa nayo. Wahenga walisema bila kuona haya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Hata hivyo, taifa lenye pamba katika nembo yake linamvika mtoto wake pamba iliyozunguka dunia.

Haikuanza hivyo. Mbegu za pamba ya biashara zilisambazwa Uganda mwaka 1903 na Kenneth Borup wa Uganda Company, na kwa miongo mingi zao hilo lililipa kodi na karo. Katika miaka ya 1950 kiwanda cha Nyanza Textile, maarufu kama Nytil, kilianzishwa Jinja, karibu na umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Kisha ikaja miaka ya 1970. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa. Vita na uhaba vikafuata. Leo sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje kabla haijawa uzi.

Viongozi wamejaribu kuugeuza mkondo huo. Machi 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo za mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikapinga, ikizikumbusha nchi zetu nafuu ya kibiashara ya AGOA. Nchi nyingine zikalegeza msimamo. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuingiza nguo Marekani bila ushuru. Agosti 2023, akiwa Mbale, Rais Museveni alitangaza vita dhidi ya mivumba hapa kwetu. Wafanyabiashara wa Kampala walipinga, na mivumba ingali inamwagwa juu ya maturubai kila asubuhi.

Nilimuuliza yule mama fundi angependa upande gani ushinde. Kwa kawaida mtu wa aina yake hutajwa katika hotuba bila kuulizwa. Alikuwa akipunguza kiuno cha suruali iliyotoka Owino.

"Musomesa," akaniambia, "mivumba ikikoma kesho, nani ataniletea suruali ya kupunguza? Nusu ya chakula chetu kinatoka humo."

Nikadhani amemaliza. Akakata uzi kwa meno, akaendelea:

"Lakini ikibaki hivi, binti yangu hatajifunza kushona shati zima. Atajifunza kupunguza tu."

Ndugu msomaji, sijasikia hoja iliyoeleza jambo hili vizuri kuliko hiyo. Marufuku ya ghafla itamnyang'anya fundi mlo wa leo. Kuacha mambo yalivyo kunamnyang'anya mwanawe ufundi wa kesho. Anayekuambia kwamba swali hili lina upande mmoja, ama hajawahi kushona, ama hajawahi kununua Owino kwa sababu hana pesa ya kununua kwingine.

Nionavyo mimi, kinachokosekana kati ya pande hizo mbili ni bei ya saa moja ya kazi. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kurekebisha jambo hilo, lakini Rais hakuutia saini. Ibara ya 40 ya Katiba ya 1995 inazungumzia haki za kiuchumi, yakiwamo malipo sawa kwa kazi sawa. Najiuliza usawa huo utapimwa kwa kipimo gani, ikiwa kipimo chenyewe kimelala tangu 1984. Tukifunga mipaka dhidi ya mivumba na kujenga viwanda bila kuiwekea thamani saa ya mshonaji, tutakuwa tumebadilisha tu mahali anapodhulumiwa. Atatoka barazani na kuingia kiwandani, mkononi akiwa na sarafu zilezile.

Sikuombi uanze kushona, ingawa utapendeza ukijaribu. Nakupa zoezi, kama niwapavyo wanafunzi wangu. Chukua nguo moja ya mtoto aliye nyumbani kwako. Soma kibandiko cha shingoni ujue ilitoka wapi. Hesabu mishono yake, kisha mpelekee fundi wa mtaani kwako umuulize: kushona nguo kama hii, kuanzia kitambaa hadi kifungo, kutakuchukua saa ngapi, na ungependa ulipwe kiasi gani ili wanao wale na wasome? Andika namba hizo mbili.

Kisha nenda nazo kwenye mkutano wa LC 1, au kwa mbunge wako atakapokuja kuomba kura. Usimuulize kama anapenda au anachukia mivumba. Swali hilo ni rahisi, atalijibu kwa hotuba. Msomee namba zako, umuulize sheria gani atakayoipigania ili namba ya pili ilipwe. Akishindwa kujibu, mwonyeshe sarafu ya 500, umwambie atazame chini ya ngao.