Mwenzenu Nilipika Viazi vya Bibi Yangu, Krismasi Vikapata Bibi Mwingine

Najua nimepotea, sikukuu zilinibana. Leo sina umbea wa wasanii, nina wa kwangu mwenyewe, ila ndani yake kuna dada mmoja wa mjini ambaye wengi wenu mnamfuata Instagram. Jina kapuni. Msianze kuniuliza inbox ni nani, na ukimjua mjue kimya kimya.

Wale wa siku nyingi mnajua kwamba mbali na kuandika huwa napika oda. Sambusa, vitumbua, keki za watoto, kitu chochote. Nina chumba kimoja Mbagala, majiko mawili ya mkaa na mtungi mdogo wa gesi ambao nauwasha kwa machozi. Shule niliishia form four, na mapishi sijasomea popote zaidi ya mgongoni kwa mama na miguuni kwa bibi, Mungu amrehemu, Pangani huko.

Basi bwana, wiki moja kabla ya Krismasi huyo dada akanitumia picha. Trei ya kioo, ndani viazi vitamu vya rangi ya chungwa vimepondwa, juu zile pipi laini nyeupe za marshmallow zimebabuka. Akasema rafiki yake wa Marekani alipika hivyo, na yeye anataka "kama hii lakini ya kibongo", watu ishirini, trei mbili, mezani kwake Mbezi Beach saa sita mchana.

Nikaingia Google kwanza, maana mimi nilidhani hizo pipi ni za watoto. Kumbe Wamarekani hicho chakula ndicho chao cha Thanksgiving, ile sikukuu yao ya Alhamisi ya nne ya Novemba, na wanakila pamoja na bata mzinga na chumvi zao, sio kitafunwa cha mwisho. Na hizo pipi juu ya viazi zilianzia kwenye biashara. Mwaka 1917 kampuni ya marshmallow ilimlipa mwandishi wa mapishi anaitwa Janet McKenzie Hill atunge kijitabu cha kuwafundisha watu namna ya kuzitumia jikoni. Zaidi ya miaka mia imepita na watu wanaapa ni mapishi ya mababu. Nilicheka. Sikujua kuwa na mimi yangu ya mababu iko njiani.

Nilivyoiangalia ile picha nikaona mbona hiki ni kama ndugu yake futari yetu. Mwezi wa Ramadhani nyumbani haupiti bila viazi vitamu, boga na ndizi mbivu ndani ya tui, iliki inanukia mpaka kwa jirani. Bibi alikuwa anapanga vipande kwenye chungu kama anapanga vyombo kabatini, boga chini kwa sababu linatoa maji, viazi katikati, ndizi juu zisivurugike. Nikamwambia yule dada, achana na marshmallow, nitakupa viazi vya bibi yangu, nitavioka na nanasi na korosho juu. Akasema "wow mdogo wangu, nimependa". Tukakubaliana laki na ishirini. Alitanguliza sitini, sitini nyingine siku ya kupeleka.

Hiyo sitini ya pili nilishaipigia mahesabu. Januari kodi yangu ya miezi sita inaisha, na mwenye nyumba wangu ni mtu wa kugonga mlango tarehe moja asubuhi kabla hujapiga mswaki.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Nilikatakata nanasi bichi nikachanganya na kila kitu, nikamwagia tui, nikafunika. Baada ya nusu saa nafunua, maji yanaogelea, tui limekatika vipande vipande kama maziwa yaliyoganda. Nikampigia mama Tanga, hata salamu hakumalizia. "Nanasi umelipika kwanza?" Sijalipika. "Sasa wewe nanasi bichi lina maji na ukali wake, utalitiaje kwenye tui? Lipike peke yake likauke. Na tui usilifunike, likoroge mpaka lishike."

Nawapa na nyinyi, maana najua mtaomba. Nilichukua viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa ndani, kilo nne. Vyeupe ni vitamu na vina unga zaidi, ila kwenye picha havipendezi, na huyu mteja ni mtu wa picha. Vichemshe na maganda yake, ukivimenya kabla vinakunywa maji vinakuwa uji. Viive nusu tu, kisu kiingie kwa shida kidogo. Menya, kata vipande vinene kama kidole. Boga nalo lichemshe kidogo. Ndizi mzuzu subiri mpaka ganda liwe na weusi. Ya manjano tupu bado ni ngumu, itakuangusha.

Nanasi nilipata za Kiwangwa, Bagamoyo, Desemba zinakuwa nyingi na tamu. Mbili za wastani. Kata vidogo, weka sufuriani na sukari guru kidogo, tangawizi ya kukwaruza na kijiti cha mdalasini. Acha juisi ikauke mpaka iwe kama asali nyepesi. Hapo ndipo utamu wote ulipo, usiharakishe. Nazi nne, tui la kwanza zito weka pembeni, la pili chemshia boga. Tui zito lipashe taratibu na iliki ya kutwanga na chumvi kidogo. Chumvi muhimu jamani, bila chumvi unakuwa umepika peremende.

Panga kama bibi, boga, viazi, nanasi, ndizi, mwagia tui lisifike juu kabisa. Halafu korosho zilizovunjwavunjwa, umezizungusha kwenye siagi na sukari kidogo. Sina oveni, kwa hiyo sufuria kubwa, mchanga chini, trei juu yake, funika kwa sinia, mkaa juu na mkaa chini. Wa juu uwe mwingi, wa chini mchache, ukikosea hapo chini kunaungua na juu kunabaki kweupe. Kwangu ilichukua kama dakika arobaini kila trei. Nililala saa tisa usiku wa kuamkia Krismasi, macho mekundu kwa moshi, ila jamani! Ile harufu jirani yangu mmoja alitoka nje na khanga akaniuliza kuna nini.

Juu ya kila foili ya kufunikia nilibandika kikaratasi, "Viazi vya bibi", na namba yangu ya simu. Na cha tatu nikabandika chini ya trei moja, kwa sababu tu kilibaki.

Bajaji Mbagala mpaka Mbezi Beach, trei mapajani, nawaza kila tuta. Nimefika, dada wa kazi akanipeleka jikoni kupasha moto. Wadau, oveni ya yule dada bado ilikuwa na kitabu chake cha maelekezo ndani, na nailoni. Yule dada wa kazi alinitazama, na mimi nikamtazama, tukaelewana. Mwenye nyumba alitokea mara moja, amependeza kweli sikatai, akasema "asante mdogo wangu, ile nyingine nakurushia jioni, saa hizi simu ipo kwenye chaji". Simu ilikuwa mkononi.

Jioni nimekaa nakula pilau ya jirani. Sisi nyumbani Waislamu, Krismasi yetu ni sahani ya jirani, na Idi sahani inarudi imejaa. Naperuzi, nakutana na trei yangu. Imepigwa picha kwa juu, na mishumaa pembeni. Chini kaandika kwamba ni mapishi ya marehemu bibi yake, amempikia familia kwa mikono yake mwenyewe tangu alfajiri. Watu wanamwagia mioyo. "Mke ndo huyu." "Mungu amrehemu bibi." Mmoja kaandika analia.

Mtu kusema kapika yeye nimezoea, keki zangu ngapi zimepikwa na watu wengine. Ila bibi? Bibi yangu amezikwa Pangani, nimeshika udongo wake kwa mkono huu, halafu wanamrehemu wa mwingine kwa viazi vyake? Nikaandika pale chini, "Hongera dada, na ile sitini yangu vipi?" Kidole kikawa juu ya kitufe cha kutuma, nadhani dakika tano. Nikafuta. Ningetuma ningepata laiki elfu moja na nisingepata sitini.

Nikamtumia mama ile picha. Alichelewa kujibu, nikajua anaikuza kwa vidole. Akapiga. Swali la kwanza, "Amekulipa?" Nusu. Akanyamaza. Nikamwambia na bibi kamchukua. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Bibi yako angecheka. Halafu angevaa baibui akaenda kudai."

Tarehe 26 nikamtumia meseji. Tiki mbili za bluu. Tarehe 27, bluu. Yaani mtu anaweza kujibu wageni mia mbili kuhusu bibi na asione meseji yangu ya mstari mmoja.

Tarehe 28 mchana ikaingia namba ngeni.

"Hii namba ya nani?"

"Shikamoo. Si umenipigia wewe mama?"

"Marahaba. Nimeiona chini ya trei. Nilikuwa naiosha." Wazee na trei za foili mnawajua, haitupwi kitu. "Wewe ndiye uliyepika vile viazi?"

Nikasita. Nikauliza naongea na nani. Akasema yeye ndiye mama mzazi wa yule dada. Nikaanza kutafuta uongo wa kumfunika binti yake, mpaka leo sijui kwa nini, mtu hajanilipa na bado namtafutia uongo.

"Usihangaike mwanangu," akasema. "Yule nimemzaa mimi, yai tu linamshinda. Na huyo bibi anayemsema ni mama yangu. Mama yangu alikuwa mtu wa Bukoba, ameishi na kufa hajatia nazi kwenye kitu chochote."

Nilicheka mpaka nikaomba samahani. Akaniuliza ile harufu ni iliki au kuna kingine, nikamwambia kuna mdalasini kwenye nanasi. Akauliza bibi yangu mimi alikuwa wa wapi. Nikamwambia Pangani. "Ahaa," akasema, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anatafuta mezani. Akaagiza trei moja ya mwaka mpya, yake na wazee wenzake.

Nikajikaza. "Mama, naomba samahani, siku hizi napokea hela kwanza."

Kimya. "Kwani yule hajakulipa?"

Sasa hapo mngekuwa nyinyi mngesemaje? Ni mtoto wake. Na ni sitini yangu. Nikasema, "Nusu, mama."

"Haya," akasema, akakata. Nikajua nimeharibu. Robo saa baadaye muamala ukaingia, elfu themanini, ya trei yake. Na meseji ndogo, kwamba deni la mtu mzima analilipa mwenyewe, yeye hatolilipa.

Usiku saa nne binti yake akafufuka. "Mdogo wangu ndo umeamua kunisemea kwa mama?" Hakuna salamu. Nikaandika majibu matatu nikayafuta yote, nikamtumia namba yangu ya simu tu, kana kwamba hanayo. Ikaingia elfu thelathini. Picha ya mezani bado ipo, bibi wa Bukoba bado anarehemewa kwa nazi, ila yale maneno ya "mikono yangu mwenyewe" ameyatoa. Nimeangalia mara mbili kuhakikisha.

Kodi nimelipa, kwa ile themanini na kwa kukopa kidogo kwa fundi cherehani wa hapa nje. Trei ya mwaka mpya niliipeleka mwenyewe. Safari hii sikubandika karatasi, nilichukua kalamu ya wino mzito nikaandika kwenye foili pande zote na chini, "Viazi vya bibi yangu, Pangani". Yule mama alivaa miwani akasoma, akaizungusha trei akasoma na upande wa pili, akaniambia nikae nile nao.

Thelathini yangu iliyobaki hadi naandika hapa haijaingia. Nanasi za Kiwangwa bado zipo sokoni kwa bei nzuri. Mwenye oda ya viazi aje inbox, hela kwanza.