Nyasi za Kinangop

Picha zangu za kwanza zote zilikuwa za milima. Kwetu ni Njabini, Kinangop Kusini, chini ya safu ya Nyandarua ambayo ramani nyingi bado zinaiita Aberdare, na kila mwenye kamera huko huanza kwa kuinua macho. Nilikuwa nikitoka alfajiri, nikifuata njia ya Elephant Hill kupitia msitu na mianzi hadi kwenye nyika ya juu, ambako baridi huuma, lobelia humshinda mtu kwa urefu, na nyasi ngumu huota mashungi mashungi kwenye udongo uliolowa. Ukungu ukifunguka kidogo, kilele cha Kinangop hujitokeza, mita 3,906. Picha hizo zilipendwa, na baadhi ziliingia kwenye kalenda.

Aliyenifanya niinamishe kamera ni kijana wa jirani anayewaongoza wageni wanaokuja kutazama ndege. Tulikuwa tukikatiza malisho ya mzee mmoja aliponishika mkono. "Kaka, usikanyage hapo. Tazama chini ya lile shungi." Kwanza niliona mgongo wa kahawia usiotofautiana na nyasi kavu. Kisha ndege akageuka, na kifua chake kilikuwa manjano tupu. Hakuruka. Alitembea polepole kati ya mashungi, akijificha na kujitokeza. Wataalamu humwita Macronyx sharpei. Anapatikana Kenya pekee, na nyanda za Kinangop ndizo ngome yake kuu. Hutaga chini, ndani ya shungi la nyasi, na hupenda malisho yenye nyasi fupi. Penye jembe au miti mingi hakai.

Tangu hapo nikawa narudi mahali palepale na kupiga picha upande uleule, msimu baada ya msimu. Wazee wetu walipopewa ardhi kwenye miradi ya makazi ya miaka ya 1960, walowezi walipoondoka, sehemu kubwa ya Kinangop ilikuwa malisho. Shamba la babu likagawiwa wana, la wana likagawiwa wajukuu, na aliyebakiwa na ekari mbili hawezi kuwaachia kondoo. Picha za kona moja ya barabara yetu zinaeleza hayo yote: kwanza nyasi hadi macho yanapokomea, kisha matuta ya viazi, kisha kabichi, kisha mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Katika picha ya karibuni mlima hauonekani tena. Miti imeuziba.

Nyasi ndizo zilizonipeleka kwenye mabwawa. Sasumua liko karibu nasi, lilijengwa miaka ya 1950, na maji yake huenda Nairobi. Mlinzi mmoja aliyezoea kuniona aliniuliza, "Mwalimu, hayo maji si ni yaleyale ya juzi?" Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera. Baada ya mvua kubwa, upande unaopokea kijito kinachopita mashambani ulikuwa wa kahawia kama chai ya maziwa, na upande wa maji yatokayo msituni ulibaki mweusi na safi. Mpaka kati yake ulionekana wazi. Nyasi hupunguza kasi ya mvua na kuyapa maji nafasi ya kuzama ardhini. Mteremko uliolimwa bila kinga huyaachia yakimbie na udongo, na udongo huo hujaza bwawa na kuongeza gharama ya kusafisha maji.

Chini zaidi, Gatanga, kuna Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 70, tegemeo kubwa la jiji. Katika ukame wa 2017 nilisimama kwenye kingo zake, nikapiga picha ya udongo mwekundu uliopasuka mahali palipokuwa maji. Mwaka huo Nairobi ilipewa maji kwa mgao.

Simlaumu mkulima wa viazi. Mimi mwenyewe nimesomeshwa kwa viazi. Tena kazi njema imeanza. Wahifadhi wamenunua vipande vya nyasi Kinangop ili ndege yule abaki na pa kutagia. Mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2015, huwasaidia wakulima kuchimba makinga maji na kupanda nyasi za mabingobingo kwenye miteremko. Juhudi hizo bado ni ndogo kuliko kasi ya jembe ninayoiona kwenye picha zangu.

Kwetu, ukiuliza kipande cha nyasi ni cha nani, utajibiwa kwamba hapo hapana kitu. Hapo pana ndege asiyepatikana nchi nyingine, na pana maji ya jiji zima. Mtu wa Nairobi hulipia maji kila mwezi. Sehemu ya fedha hizo imfikie mwenye ekari ya nyasi huku juu, apate sababu ya kutoilima.