Barcelona na Mlima wa Meno ya Msumeno

Abiria wa meli za utalii zinazozunguka bahari ya Mediterania hushuka Barcelona asubuhi na mapema, na kila mmoja huwa amekwisha ambiwa saa ya kurudi. Meli ikifunga gati saa moja asubuhi na kung'oa nanga saa kumi na moja jioni, abiria hapati saa kumi kamili. Akitoa muda wa foleni ya kushuka na ule wa kurejea mapema, zabaki saa nane tu. Katika saa hizo hutaka kuuona mji wenye umri wa miaka elfu mbili, na nyumba ya watawa iliyojengwa mlimani mnamo mwaka 1025. Wenye busara huchagua kimoja. Lakini wengi hujaribu vyote viwili, na watu hao yawapasa kujua mapema mahali pa kusimama na mahali pa kupita upesi.

Meli kubwa hufunga kwenye gati refu liitwalo Moll Adossat, na mabasi huwachukua abiria kwa kupitia daraja mpaka penye nguzo ya Columbus. Nguzo hiyo ina urefu wa futi 200 hivi, nayo ilisimamishwa mwaka 1888. Hapo ndipo inapoanzia barabara mashuhuri ya La Rambla, yenye miti pande zote mbili, maduka, wageni wengi mno na wezi wa mifukoni. Mgeni mwenye saa chache asizimalizie hapo. Na apinde mkono wa kulia, aingie katika mitaa ya zamani, ambayo njia zake ni nyembamba hata jua haliwezi kufika chini ila adhuhuri.

Katika mtaa uitwao Carrer Paradís, ndani ya ua wa nyumba ya kawaida, zimesimama nguzo nne za hekalu ambalo Warumi walimjengea Kaisari Augusto. Mtu anaweza kupita mlangoni mara kumi asijue kuwa zimo. Si mbali na hapo ni uwanja mdogo wa Sant Felip Neri, ambako ukuta wa kanisa umetobokatoboka kama uliodonolewa. Hayo ni makovu ya mabomu yaliyoangushwa na ndege tarehe 30 Januari 1938, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Watu 42 walikufa, na wengi wao walikuwa watoto waliojificha chini ya kanisa hilo. Siku hizi watoto wa shule hucheza mpira mbele ya ukuta huo huo.

Kama kuna jengo moja la mjini ambalo mgeni asilikose, basi si lile kanisa la Sagrada Família linalotiwa katika kila picha, ambalo lilianzwa mwaka 1882, na ambalo tiketi zake yafaa zinunuliwe siku nyingi kabla. Ni kanisa la Santa Maria del Mar, yaani Maria wa Bahari, lililoanzwa mwaka 1329 na kumalizika mwaka 1383. Fedha zake zilitoka kwa watu wa mtaa ule, wakiwamo mabaharia na wafanya biashara. Lakini mawe yalibebwa na mahamali wa bandarini. Waliyatoa katika machimbo ya kilima cha Montjuïc, wakayachukua migongoni mwao, jiwe baada ya jiwe, wala hawakudai ujira. Ndiyo sababu penye mlango mkubwa zimewekwa sanamu ndogo za shaba za hamali aliyeinama kwa uzito wa mzigo. Si makanisa mengi ya Ulaya yaliyowapa wachukuzi nafasi mlangoni. Mwaka 1936 wenye ghasia walilitia moto, likawaka siku 11, na vyote vilivyokuwamo vikateketea. Nguzo zilizojengwa kwa mawe ya mahamali hazikuanguka.

Kutoka mjini hadi Montserrat ni maili 30 hivi kuelekea kaskazini-magharibi, na basi huchukua muda wa saa moja. Njia hufuata mto Llobregat, kati ya viwanda vingi na mashamba machache. Kisha mlima hutokea ghafla, wala haufanani na mlima mwingine wowote wa karibu. Jina lake maana yake ni mlima wa msumeno, na kweli vilele vyake vimesimama kama meno. Kilele kirefu kuliko vyote, Sant Jeroni, ni futi 4,055 tu, na Nairobi yenyewe iko juu kuliko hapo. Lakini mlima huu waanza karibu na usawa wa bahari, ukapanda wima. Mwamba wake ni kokoto za mtoni zilizoshikamana kama zege. Zamani za kale mito ilizileta kokoto hizo katika bahari iliyokuwa mahali hapo. Bahari ikakauka, nchi ikainuka, na mvua na upepo vikachonga meno hayo.

Nyumba ya watawa iko kwenye futi 2,360 hivi, imebanwa na mwamba kwa nyuma. Asiyekwenda kwa basi hupanda treni ya reli yenye meno, au kijigari kinachoning'inia kwenye waya, ambacho kimefanya kazi tangu mwaka 1930. Mwezi wa Agosti 1986 moto mkubwa ulichoma sehemu kubwa ya misitu ya mlima huo. Mawe nayo huporomoka baada ya mvua kubwa, hata imebidi nyavu za chuma zitandazwe juu ya njia.

Mgeni akifika hushangaa: mahali pameanzishwa mwaka 1025, mbona kuta ni mpya? Jibu lake ndilo jambo ambalo viongozi wa watalii hulipita haraka kwa sababu ya saa. Askari wa Napoleon waliiharibu nyumba hiyo mwaka 1811 na 1812. Mwaka 1835 serikali ya Hispania ilizifunga nyumba za watawa, na hawa hawakurudi mpaka 1844. Vita vilipoanza mwaka 1936 watawa walikimbia, na 23 kati yao wakauawa. Nyumba yenyewe ilisalimika kwa kuwa serikali ya Katalonia iliichukua mikononi mwake, ikawa hospitali ya majeruhi.

Baada ya Jenerali Franco kushinda mwaka 1939, lugha ya Kikatalani iliondolewa katika shule, ofisi na magazeti. Karani aliyezaliwa na Kikatalani alipaswa kuandika kila barua kwa Kihispania, na mtoto wake alifundishwa kwa lugha ambayo mama yake hakuisema nyumbani. Haifai kudai kuwa watawa wa Montserrat walimpinga Franco tangu siku ya kwanza. Yeye mwenyewe alipokewa huko kwa heshima zaidi ya mara moja. Lakini tarehe 27 Aprili 1947, katika sikukuu ya kumweka Bikira kwenye kiti kipya, Kikatalani kilisikika hadharani mbele ya makumi ya maelfu ya watu. Tangu hapo mlima ukawa mahali pa kukisema. Kuanzia mwaka 1959 gazeti la Serra d'Or lilitolewa huko kwa Kikatalani. Mwaka 1963 Abate Aureli Escarré aliishutumu serikali katika gazeti la Ufaransa, Le Monde, na mwaka 1965 ikambidi aondoke nchini. Desemba 1970 watu wapatao 300, waandishi na wachoraji, Joan Miró akiwa mmoja wao, walijifungia ndani ya nyumba hiyo kupinga kesi ya Burgos, ambamo wanaharakati wa Kibaski walikabiliwa na hukumu ya kifo. Franco alikufa mwaka 1975, na sheria ya mwaka 1979 ikakirudisha Kikatalani maofisini.

Ndani ya kanisa, juu ya madhabahu, amekaa Bikira wa Montserrat, sanamu ya mti ya karne ya 12, ndogo kuliko wageni wanavyotazamia, yenye uso mweusi. Wakatalani humwita La Moreneta, yaani yule mweusi mdogo, na Papa Leo wa 13 alimtangaza kuwa msimamizi wa Katalonia mwaka 1881. Inasemekana weusi huo ulitokana na rangi iliyobadilika kwa miaka mingi na moshi wa mishumaa. Foleni ya kwenda kuugusa mkono wake yaweza kumaliza saa nzima. Mwenye muda mfupi afadhali aketi chini kanisani saa saba mchana, siku za masomo, wakati kwaya ya wavulana wanaosoma na kulala hapo inapoimba. Shule yao yatajwa katika maandiko ya karne ya 14. Huimba kwa muda mfupi sana, kisha hurudi darasani. Nje, kando ya njia, wakulima huuza jibini laini iitwayo mató, ambayo huliwa kwa asali, na tini zilizokaushwa.

Kurudi ni lazima kuanze mapema. Basi la meli likichelewa, meli hulingoja. Abiria aliyekwenda kwa treni yake mwenyewe hangojwi. Na mjini si wote wanaofurahi kumwona. Katika mwaka 2024 abiria zaidi ya milioni tatu na nusu wa meli za utalii walipita Barcelona, ambayo wakazi wake ni kama milioni moja na laki saba. Kodi za nyumba zimepanda, na maduka ya mboga yamegeuka kuwa ya kuuza vikumbusho. Julai ya mwaka huo wenyeji waliandamana, na wengine wakawarushia wageni maji kwa bastola za kuchezea watoto. Mwaka 2025 baraza la mji na bandari walikubaliana kupunguza vituo vya meli hizo kutoka saba hadi vitano ifikapo mwaka 2030.