Ugonjwa Usioua Hauna Bajeti

Katika nchi yetu ugonjwa hupata heshima kwa idadi ya maiti. Malaria, kifua kikuu na Ukimwi vina mipango ya taifa, vina siku za maadhimisho, vina magari yenye nembo. Silalamikii jambo hilo. Maradhi hayo yametuzika wengi, na sisi wa Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983, hatuhitaji kufundishwa uzito wake. Lakini kipimo cha vifo kina upofu wake. Yapo maradhi yanayomwondoa mtu sokoni, kanisani na hata katika ndoa, huku akiendelea kupumua. Maradhi sugu ya ngozi ni ya namna hiyo, nami nayazungumzia kwa kuwa nimeyaona nyumbani kwetu Rulenge.

Shangazi yangu aliuza maandazi na ndizi mbivu sokoni Rulenge kwa miaka mingi. Alipokaribia umri wa miaka 40, viwiko, magoti na kichwa vilianza kufanya mabaka mazito yenye magamba meupe, kisha mabaka yakafika viganjani. Hakuna aliyemfukuza sokoni. Wateja walimsalimu kwa adabu, wakapita, wakanunua meza ya pili. Baadhi walisema ni ukoma. Wengine, kwa sauti ya chini, walisema ni ule ugonjwa mwingine. Alipima virusi mara tatu, akakutwa hana, lakini majibu ya maabara hayabandikwi juu ya sinia la maandazi.

Duka moja la dawa lilimuuzia krimu ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi ndani ya mrija mmoja. Zahanati moja ikamchoma sindano ya steroidi. Ngozi ilitulia kwa majuma machache, kisha ikarudi kwa ghadhabu. Wataalamu wanaijua hali hiyo: steroidi ya kumeza au ya sindano inapokatizwa, soriasisi yaweza kulipuka kwa ukali kuliko mwanzo. Ilichukua miaka saba, na safari ya basi hadi Mwanza kupitia Biharamulo na kivuko cha Busisi, ndipo jina hilo, soriasisi, likatamkwa mbele yake. Daktari alimweleza kwamba haiambukizi. Kwamba kinga ya mwili wake inaihimiza ngozi kukua upesi mno. Kwamba haiponi kabisa, ila hutulizwa. Shangazi aliuliza swali moja tu: “Kwa hiyo naruhusiwa kuuza maandazi?”

Miaka hiyo saba haikupotea kwa kukosekana sayansi. Methotreksati, dawa ya bei nafuu ukiilinganisha na sindano mpya za kibayolojia, imetumika kutuliza soriasisi kali kwa zaidi ya nusu karne. Mwezi Mei 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya soriasisi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa ripoti yake ya kimataifa kuhusu ugonjwa huo. Mwezi Mei 2025 mkutano huohuo ukayatambua magonjwa ya ngozi kwa ujumla kuwa kipaumbele cha afya ya umma. Maazimio, basi, tunayo. Kinachokosekana ni njia ya kuyafikisha kutoka Geneva hadi Rulenge, na njia hiyo nayo inahitaji utafiti.

Nitoe mfano wa jirani zetu. Kwa miaka mingi watu wengi wenye virusi vya Ukimwi Afrika Mashariki waliteswa na vipele vya kuwasha mikononi na miguuni, vipele vilivyoacha makovu meusi yaliyowatangaza kabla hawajajitangaza wenyewe. Chanzo hakikujulikana. Mwaka 2004 jarida la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa Uganda kwa wagonjwa 102, ambao kila mmoja alichukuliwa kipande kidogo cha ngozi kwenye kipele kipya. Zaidi ya wanane kati ya kila kumi walikuwa na dalili za kuumwa na wadudu. Kumbe vipele vile vilikuwa ni kinga iliyovurugika, ikijibu kwa ukali uliopita kiasi jambo dogo kama kuumwa na mbu. Tafsiri ya ugonjwa ikabadilika: dawa za kufubaza virusi na kinga dhidi ya wadudu zikapata maana mpya. Jibu hilo lisingepatikana katika mji wa Ulaya. Lilihitaji ngozi yetu, wadudu wetu, na mtu wa kutujali kiasi cha kuuliza.

Neno “ngozi yetu” silitumii kwa mbwembwe. Sehemu kubwa ya maarifa ya tiba ya ngozi imejengwa juu ya wagonjwa weupe. Vitabu hufundisha kwamba soriasisi na pumu ya ngozi huonekana kwa wekundu, na vipimo vingi vinavyotumika katika majaribio ya dawa hutoa alama kwa kadiri ya wekundu huo. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hujificha. Baka huwa la zambarau, la kijivu au la kahawia iliyokoza. Matokeo yake ni mawili: tabibu haoni ugonjwa uliopo, na anapouona huudhani mwepesi kuliko ulivyo. Dawa mpya zinazofika sokoni kwa bei ya kutisha zimejaribiwa kwa watu wachache mno wanaofanana nasi.

Ukoma unatufundisha jambo lingine. Utafiti mkubwa wa Bangladesh ulionyesha kwamba dozi moja ya rifampisini kwa watu wa karibu na mgonjwa ilipunguza wagonjwa wapya kwa asilimia 57 katika miaka miwili ya mwanzo. Baadaye mradi wa PEP4LEP, unaohusisha Ethiopia, Msumbiji na Tanzania, ulichukua swali la hatua inayofuata: je, ni bora kuwaita watu kituo cha afya, au kupeleka kambi ya uchunguzi wa ngozi kijijini kwao? Wengine watalidharau swali hilo kwa kuwa halina dawa mpya ndani yake. Mimi naona ndilo swali lililomla shangazi yangu miaka saba. Katika kambi ya ngozi huja mwenye ukoma, na huja pia mwenye upele, mwenye fangasi na mwenye soriasisi. Tafiti za vijijini Tanzania katika miaka ya 1990 zilikuta kati ya robo na theluthi ya wanakijiji wakiwa na ugonjwa wa ngozi, na sehemu kubwa ilikuwa ya kutibika.

Nchi hii haianzii sifuri. Tangu mwaka 1992 Moshi ina kituo cha kikanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, pale KCMC, ambacho kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika, ili ujuzi ufike mahali ambapo daktari bingwa hatafika. Wazo lake ni la busara: palipo na uhaba wa mabingwa, mfundishe aliye karibu na mgonjwa.

Shangazi sasa anatumia methotreksati. Magamba yamepungua, viganja vimefunguka, na meza yake imerudi sokoni, ingawa si wateja wote waliorudi. Dawa hiyo humtaka apimwe damu na ini mara kwa mara, na nauli ya safari moja hulingana na mtaji wake wa wiki mbili. Kila mara huchagua, na si kila mara huchagua hospitali.

Kwa hiyo nawageukia ninyi mnaonisoma. Watumishi wa umma: katika MTUHA soriasisi na pumu ya ngozi huzama ndani ya makundi mapana, na kisichohesabiwa hakiagiziwi dawa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa pia kwa jinsi inavyomhudumia mgonjwa wa maisha ambaye hafi. Wanafunzi: mnapotafuta mada ya tasnifu, Ngara na Biharamulo zina maswali ambayo hamhitaji maabara ya mamilioni kuyajibu, anzeni kwa kuhesabu miaka inayopita kati ya baka la kwanza na jina la ugonjwa. Wanaharakati: bajeti ya halmashauri ni mali ya umma. Iombeni, isomeni, kisha muulize katika kikao cha wazi ni tabibu gani wilayani mwenu aliyesomea ngozi, na stoo ina dawa gani za kumpa mgonjwa mwenye ugonjwa wa ngozi usio wa fangasi.