Nyumba Yetu, Ardhi ya Watu

Nimeishi Saudia miaka saba na nimehama mara moja tu: kutoka Sulaimaniyah kwenda Sulaimaniyah. Ya kwanza ni ya Jeddah, karibu na chuo kikuu na stesheni ya treni ya Haramain. Ya pili, ninakokaa sasa, ni ya Riyadh. Mamangu hakuelewa hata kidogo. Aliuliza kama nimefukuzwa kazi kisha nikarudishwa palepale. Kote kuwili nimelala katika fleti ya hospitali, kwa ufunguo ambao mkataba ukiisha nitaurudisha na kutia sahihi. Ndiyo maana sisi wauguzi wa nyumbani tukikutana Ijumaa, chai haijapoa mtu ameshataja ploti.

Mimi nilianza vibaya. Mwaka wangu wa pili huku, dalali alinitumia video ya ploti Mtwapa: minazi, upepo, bahari kwa mbali. Nikatuma arubuni ya shilingi 350,000 nimetoka zamu ya usiku, sare bado mwilini. Mtu mwenye diploma ya uuguzi na digrii ya ng'ambo, asiyempa mgonjwa hata panadol bila kusoma jina lake mara mbili, alituma pesa kwa kutazama video! Ploti ilikuwa imeshauzwa kwa watu watatu. Kuangalia hati kwa msajili wa ardhi kungenionyesha jina la mwenyewe, na ada yake ni ndogo. Sikuangalia. Pesa hazikurudi.

Nilipomweleza Mama, hakunipa pole. Alisema, "Mwanangu, huko Mtwapa ningemjua nani? Na hii nyumba je?"

Nyumba yenyewe iko Majengo, Mombasa. Aliijenga babu, vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele na uwani kwa nyuma. Wasomaji wa Pwani watanielewa nikisema ni nyumba bila ardhi. Wa kwingineko huniuliza, inawezekanaje? Inawezekana sana. Kuta ni zako, paa ni lako, lakini udongo chini yake ni wa mtu mwingine, nawe unamlipa kodi ya ardhi kila mwezi. Unaweza kuirithi nyumba hiyo, kuipangisha, hata kuiuza, na bado huna hata shubiri moja ya ardhi. Mambo haya yana mizizi mirefu. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilileta sheria ya hati za ardhi katika ukanda wa maili kumi wa pwani. Waliopeleka madai yao yakakubaliwa walipata hati. Wengi hawakupeleka, na wajukuu wao wakajikuta wapangaji katika mji waliozaliwa.

Mama alilipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Risiti zote, tangu enzi za babu, zilikuwa ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Nilipokuwa mtoto niliuona mkebe ule kama takataka.

Kisha mwenye ardhi akafariki, na warithi wake wakatuma ujumbe kwamba wanauza. Kipande kilikuwa kimoja, nyumba juu yake kumi na moja. Wenye nyumba tungepewa nafasi ya kwanza, kila mmoja anunue pale aliposimama. Asiyeweza, ardhi yake ingeuzwa kwa mwingine, naye alipwe kifuta jasho na kuondoka. Mama alinipigia usiku ule. Saa za Riyadh na Mombasa ni sawasawa, kwa hiyo nilijua ni saa saba ya usiku kwake pia, na Mama hulala baada ya isha.

Bei ya kwanza ilikuwa milioni 4.5. Mdogo wangu alikwenda kuzungumza nao akiwa na ule mkebe. Aliwamwagia risiti mezani, za miaka zaidi ya hamsini, hata mwezi mmoja haukosi. Bei ikashuka hadi milioni 3.6. Kwa mshahara wangu wa riyali 5,500 bado ulikuwa mlima. Nilikuwa na akiba kidogo, nikachukua mkopo wa sako, nikaomba zamu za ziada, na ile safari ya likizo nikaiacha miaka miwili. Mchumba niliyekuwa naye wakati huo alisema namwekea mama msingi na yeye namwacha nje. Hilo ni la siku nyingine.

Safari hii nilifanya kama kazini. Niliweka wakili wangu mwenyewe, si yule wa wauzaji. Hati ikaangaliwa, na kumbe bado ilikuwa kwa jina la marehemu. Warithi walikuwa wakiuza kitu ambacho kisheria hawajakishika! Ikabidi mirathi ipite kwanza Mahakama ya Kadhi, halafu mpima akate vipande kumi na moja. Hapo ilipita miaka miwili, na mara mbili mmoja wa warithi alibadili nia. Mimi nilisaini hati ya uwakala katika ubalozi wetu hapa Riyadh ili mdogo wangu atie sahihi kwa niaba yangu. Ijumaa ilinifaa mno: huku mapumziko, Mombasa ofisi ziko wazi. Asilimia kumi wakati wa kusaini makubaliano, inayobaki ndani ya siku 90, na ushuru wa stempu, ambao mjini ni asilimia nne. Hizo ni shilingi 144,000 ambazo dalali hakutajii. Zitenge mapema, dada yangu, la sivyo utakopa mara ya pili kama mimi.

Hati ilitoka mwaka jana, kwa jina la Mama. Mdogo wangu alinitumia picha, nami niliifungua ndani ya stoo ya dawa nikalia, mwenzangu Mfilipino akadhani nimefiwa.

Lakini kati ya nyumba kumi na moja, zilizonunua ardhi yake ni sita. Jirani yetu wa ubavuni, mjane, ambaye Mama alikuwa akiazimana naye kinu na chumvi tangu sijazaliwa, hakuweza. Aliniuliza kwa simu kama ningeweza kumkopesha. Nilikuwa na deni la sako, nikamwambia ukweli kwamba siwezi. Alisema, "Haya mwanangu, Mungu akuzidishie." Alihamia chumba cha kupanga Mishomoroni. Nyumba yake ilibomolewa kwa siku mbili, na ukuta wetu wa upande ule, ambao haukuwahi kuona jua, sasa umetoka rangi.

Mama hakai tena barazani jioni, anasema vumbi. Mwezi uliopita mdogo wangu aliniambia kwamba kila tarehe moja Mama bado anatenga shilingi 1,500, kama alivyozoea. Nikauliza, anampa nani sasa? Anapanda matatu hadi Mishomoroni.